Michezo ya video kwenye intaneti: Mkongomani analipa bei ya Marekani, na kodi bado iko njiani

Mchezo mmoja wa video unauzwa katika duka moja la intaneti, na kampuni moja, kwa dola ileile. Kijana aliye Muscat, kule Oman, akifungua ukurasa wa mchezo huo anaona bei iliyopangwa kwa ajili ya eneo lake, chini ya ile ya Marekani. Mwenzake wa Tunis naye vilevile. Yule wa Bukavu, Kisangani au Lubumbashi anakuta bei kamili, ile anayolipa mkaaji wa New York.

Duka hilo ni Steam, mali ya kampuni ya Kimarekani Valve. Lilifunguliwa mwaka wa 2003 na leo ndilo kubwa kuliko yote kwa michezo ya kompyuta. Tofauti hiyo ya bei haikuletwa na hitilafu ya mashini. Kuna jedwali la bei lililogawanywa kwa sarafu na maeneo, na katika jedwali hilo Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo haina nafasi yake. Imewekwa kwenye safu ya dola ya Marekani, pamoja na Marekani yenyewe.

Benki ya Dunia inakadiria kwamba mwaka wa 2024 asilimia 73,5 ya Wakongomani waliishi kwa chini ya dola 2,15 kwa siku. Mchezo mpya wa kampuni kubwa unauzwa dola 60 au 70. Ukiweka hesabu hizo mbili pamoja, si vigumu kuelewa kwa nini katika miji ya mashariki vijana wengi wanacheza kwa kulipia mechi moja moja katika nyumba yenye PlayStation mbili tatu na jenereta, au kwa nakala ambazo hakuna aliyezilipia mtengenezaji hata senti.

Wapo watakaosema kwamba michezo ni starehe, na kwamba nchi yenye vita na wakimbizi ina mambo mengine ya kushughulikia. Ni kweli. Lakini utaratibu unaompangia kijana wa Goma bei ya mchezo haubaki kwenye michezo. Programu za kompyuta, muziki, filamu na masomo ya mtandaoni huuzwa kwa njia hiyohiyo, na nchi za Afrika zimeanza kuvitoza kodi kimoja kimoja. Michezo inasaidia tu kuona vizuri jinsi jambo lenyewe linavyofanyika.

Jedwali lisilo na Congo

Kwenye Steam, anayepanga bei ni mtengenezaji au mchapishaji wa mchezo. Anaanza na bei ya dola, kisha Valve inampendekezea bei za sarafu nyingine. Anaweza kukubali mapendekezo hayo au kuyabadilisha. Mwezi wa kumi mwaka wa 2022, Valve ilipotoa mapendekezo mapya, ilieleza kwamba haitazami tu thamani ya sarafu kwenye soko la fedha. Inatazama pia uwezo wa watu kununua na mwendo wa bei za vitu katika kila nchi. Ndiyo sababu mchezo huohuo unaweza kuuzwa kwa bei ya chini kabisa India au Brazil, na kwa bei ya juu Uswisi.

Kwa maneno mengine, kampuni inajua vizuri kwamba dola 60 hazina uzito mmoja kila mahali. Inajua hivyo kwa nchi zilizomo katika jedwali. Kusini mwa Sahara, sarafu iliyomo ni moja tu: randi ya Afrika ya Kusini. Naira, shilingi, franka ya Congo, kwacha, zote hazimo. Mnunuzi wa Lagos, wa Nairobi, wa Kigali na wa Kinshasa, wote wanawekwa kwenye dola kamili.

Kuna pia maeneo ambayo bei zake zinaandikwa kwa dola lakini si dola za Marekani hasa, yaani ni bei za dola zilizoshushwa kulingana na maisha ya huko. Nchi za Asia ya Kusini kama Pakistan, Nepal na Sri Lanka zina safu yao. Nchi za Amerika ya Kilatini zina yao. Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati pia wana yao, na ndani yake zimo Misri, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya na Sudan, pamoja na Oman na Bahrain, nchi mbili za Ghuba ambazo hakuna mtu anayezihesabu kati ya maskini wa dunia. Kwa hiyo mstari uliochorwa haukufuata umaskini. Ulifuata ramani ya biashara: mahali ambapo kampuni ilikuwa na wanunuzi wengi wa kutosha, ilikaa chini ikapiga hesabu. Mahali ambapo haikuwa nao, iliacha bei ya kwao.

Hapo mambo yanazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Wanunuzi ni wachache kwa sababu bei ni ya Marekani, na bei inabaki ya Marekani kwa sababu wanunuzi ni wachache.

Congo ina jambo lingine linaloiponza. Uchumi wake tayari unatembea kwa dola. Nyumba, karo za chuo, gari, hata sehemu kubwa ya fedha zilizowekwa benki, vyote vinahesabiwa kwa dola. Machoni pa mfanyabiashara wa mbali, nchi inayolipa kwa dola haina shida ya sarafu, basi hakuna haja ya kuitengenezea bei. Lakini mshahara haupandi kwa sababu tu unahesabiwa kwa dola. Mwezi wa tano 2025 serikali ya Kinshasa ilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka franka 7.075 hadi franka 14.500 kwa siku. Kwa thamani ya franka wakati ule, hizo zilikuwa kama dola tano. Mtu anayelipwa hivyo angehitaji siku kumi na mbili za kazi, bila kula wala kulipa usafiri, apate mchezo mmoja wa dola 60.

Simu za Apple zinafuata mtindo unaofanana na huo. Duka la App Store lilifika Congo mwezi wa nne 2020, pamoja na Cameroon, Gabon, Rwanda, Zambia na nchi nyingine. Afrika, sarafu zinazotambuliwa humo ni za nchi chache tu: Afrika ya Kusini, Misri, Nigeria na Tanzania. Mtanzania anaona shilingi, Mkongomani anaona dola. Kuona sarafu yako hakumaanishi kwamba bei imeshuka, lakini angalau unajua unachotoa mfukoni bila kupitia kwa mbadilisha fedha.

Kuhusu PlayStation, hali ni ya ajabu zaidi. Mashini zenyewe zimejaa mijini, lakini huduma ya mtandao ya Sony, PlayStation Network, katika Afrika yote inaitambua Afrika ya Kusini peke yake. Anayetaka kuingia kutoka Congo anajiandikisha kama mkaaji wa nchi nyingine, Ufaransa au Marekani mara nyingi, kinyume cha masharti ya huduma, na akaunti yake inaweza kufungwa siku yoyote. Mwezi wa tano 2024 jambo hilo lilijulikana dunia nzima, pale Sony ilipotaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation. Mchezo ulikuwa umeshauzwa kwenye Steam katika nchi ambazo akaunti hiyo haiwezekani kufunguliwa. Ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, Congo ikiwa kati yao. Wachezaji wakapiga kelele, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma kuhusu sharti la akaunti. Waliopigania hilo kwa sauti kubwa walikuwa Wamarekani na Wazungu ambao wenyewe hawakuwa na shida ya kufungua akaunti.

Argentina na Uturuki, au bei rahisi inavyokufa

Wanaotaka bei ya chini kwa ajili ya Congo wanapaswa kutazama yaliyowapata Waargentina na Waturuki, maana huko kulikuwa na bei za chini kuliko karibu mahali pengine pote.

Nchi hizo mbili zilikuwa na safu zao, peso na lira. Sarafu hizo zilipoanza kuporomoka, watengenezaji hawakuwahi kubadilisha bei haraka vya kutosha. Mchezo uliowekwa kwa peso mwaka mmoja ulikuwa umegeuka kuwa karibu bure mwaka uliofuata. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani waligundua. Kwa kutumia VPN, yaani njia ya kuficha mahali ulipo kwenye intaneti, walijifanya wakaaji wa Buenos Aires au Istanbul, wakanunua kwa bei za huko. Wengine walinunua ili kuuza tena.

Valve ilianza kufunga milango. Mwaka wa 2021 iliweka sharti kwamba mtu hawezi kubadilisha nchi ya akaunti yake zaidi ya mara moja katika miezi mitatu, na lazima alipe kwa njia ya malipo ya nchi anayodai kuwa anaishi. Mwaka wa 2022 mapendekezo mapya yalipandisha bei za Argentina na Uturuki kwa zaidi ya mara nne. Mwishowe, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2023, peso na lira ziliondolewa kabisa. Argentina ikaingizwa kwenye dola ya Amerika ya Kilatini, Uturuki kwenye dola ya Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Kampuni ilisema kwamba thamani ya sarafu hizo ilikuwa inayumba mno, na watengenezaji hawakuweza kuifuata. Kwa mchezaji wa kawaida wa Ankara, asubuhi ile michezo iliyokuwa kwenye orodha yake ilipanda mara kadhaa.

Ni vigumu kuwalaumu watengenezaji, hasa wale wadogo wa watu wawili watatu, kwa kutotaka kazi yao iuzwe kwa senti kwa watu wenye uwezo wa kulipa. Lakini aliyelipia ujanja wa Mzungu mwenye VPN ni Muargentina.

Ulinzi huohuo unamgusa Mkongomani kwa njia nyingine. Fedha za wengi hapa ziko kwenye simu, M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, wakati maduka ya nje kwa kawaida yanadai kadi ya Visa au Mastercard. Mashariki, tatizo limezidi. Tangu AFC/M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, benki za kibiashara zilifunga milango, na hata mwenye kadi alijikuta na plastiki tupu. Basi anaingia mtu wa katikati: ndugu aliye Brussels au Kampala, ama muuzaji wa kadi za zawadi kwenye WhatsApp, ambaye anapokea fedha kwa simu na kutuma namba ya siri. Anachukua faida yake, na mara nyingine anachukua fedha zote na kupotea.

Steam inaruhusu mtu kumtumia mwingine mchezo kama zawadi, lakini zawadi haipiti kama tofauti ya bei kati ya nchi mbili ni kubwa. Matokeo yake: ndugu aliye Ubelgiji, anayenunua kwa bei ya euro iliyo karibu na ile ya Marekani, anaweza kutuma. Yule anayesoma Cairo, ambako bei ni ya chini, anazuiwa. Msaada unaoruhusiwa kupita ni ule wa bei ghali.

Ulaya wenyewe waliona kwamba kufungia bei kwa nchi kuna mipaka yake. Mwezi wa kwanza 2021 Tume ya Ulaya iliwatoza Valve na wachapishaji watano faini ya jumla ya euro milioni 7,8 kwa sababu walizuia michezo iliyonunuliwa katika nchi fulani za mashariki mwa Ulaya isifunguke katika nchi nyingine za umoja huo. Mpolandi ana tume ya kumtetea ndani ya soko moja la nchi 27. Congo iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini jumuiya hiyo haijapata sauti ya namna hiyo mbele ya kampuni za intaneti.

Kodi: nani analipa mwishowe?

Juu ya bei inakuja kodi, na hapa nchi jirani zimeshatangulia. Kenya inatoza TVA ya asilimia 16 juu ya huduma za intaneti zinazotoka nje. Mwaka wa 2021 iliongeza kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1,5, ambayo mwishoni mwa 2024 ilibadilishwa na nyingine inayofikia asilimia 3 ya mauzo. Tanzania ina TVA ya asilimia 18 na tangu mwezi wa saba 2022 kodi ya asilimia 2 kwa kampuni za nje. Uganda iliweka asilimia 5 mwaka wa 2023, juu ya TVA yake ya 18. Afrika ya Kusini ndiyo iliyoanza mapema, mwaka wa 2014.

Sababu za serikali hizo zinaeleweka. Diski ya mchezo inayopita Kasumbalesa au Ruzizi inakutana na mtu wa forodha. Mchezo uleule ukipita kwenye waya hakuna anayeuona, na mwaka wa 1998 nchi za Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kutotoza ushuru wa forodha juu ya vitu vinavyopita kwa njia ya elektroniki, makubaliano waliyoyarefusha tena Abu Dhabi mwanzoni mwa 2024. Kilichobaki kilikuwa kodi za ndani. Kampuni inayouza kwa maelfu ya watu bila ofisi wala mfanyakazi nchini haiwezi kuachwa bila kutoa chochote, wakati mama anayeuza unga sokoni anafuatwa kila asubuhi na mwenye tiketi.

Shida ni kwamba kodi inayoandikwa kwa jina la kampuni mara nyingi inatua kwa mnunuzi. Uingereza ilipoanza kutoza kampuni kubwa asilimia 2 mwaka wa 2020, Google iliwaongezea watangazaji wake wa huko asilimia 2 ileile kwenye fatura. Haikuficha.

Kwa Argentina ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu serikali haikungojea kampuni ijiandikishe. Ilikata moja kwa moja kwenye kadi. TVA ya asilimia 21, kodi nyingine ya asilimia 8 juu ya huduma za kidijitali za nje, na malipo ya awali ya kodi ya mapato ambayo mwaka wa 2022 yalifika asilimia 45. Aliyenunua mchezo ulioandikwa peso 1.000 alikatwa zaidi ya 1.700. Bei ya Steam ilikuwa rahisi kwenye kioo tu.

Congo ina TVA ya asilimia 16 tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2012, na tangu mwezi wa tatu 2023 ina sheria yake ya mambo ya kidijitali, Code du numérique. Mlango wa kutoza huduma hizi uko wazi, na hakuna ubaya kuupitia. Swali ni wapi kodi itakatwa na juu ya bei gani. Ikikatwa kwenye malipo ya simu, kama Argentina ilivyofanya kwenye kadi, mchezo wa dola 60 utakuwa dola 69,60 papo hapo.

Ulaya kodi imo ndani ya bei. Mbelgiji anayelipa euro 60 ameshatoa euro 10 na senti 41 za TVA ya asilimia 21, na kampuni inabaki na euro 49,59. Hata ukihesabu euro moja kwa dola 1,10, hizo ni dola 54 na nusu. Mkongomani anayelipa dola 60 ambazo hazina kodi ndani yake anaiachia kampuni dola zote 60. Kampuni inaingiza zaidi kwa mkaaji wa Kadutu kuliko kwa mkaaji wa Brussels, kwa mchezo mmoja. Kama Kinshasa ingetaka TVA yake itolewe ndani ya bei iliyopo, mnunuzi asingeongezewa kitu, na kampuni ingekuwa bado inapata karibu dola 52. Hilo ni jambo la kudai wakati wa kuzungumza na kampuni hizo, kabla sheria ya utekelezaji haijaandikwa.

Wakongomani wanayo kumbukumbu ya kodi iliyokatwa bila kuulizwa. Mwezi wa tisa 2020 RAM, ile kodi ya kuandikisha simu, ilianza kukatwa moja kwa moja kwenye uniti. Mwenye simu ndogo alihesabiwa dola moja kwa mwaka, mwenye simu ya 3G au 4G dola saba. LUCHA na mashirika mengine ya raia waliandamana, wabunge walidai ifutwe, na mwanzoni mwa 2022 serikali iliiondoa. Ilidumu zaidi ya mwaka mmoja, na wengi hawakujua hata siku uniti zao zilipokatwa.

Tena, anayepakua mchezo amekwisha kutozwa kabla hajaufungua. Michezo mikubwa ya leo inazidi gigabaiti 100, na kila mega inayonunuliwa ina TVA na ushuru wa matumizi ndani yake. Ndiyo maana wengi wanabaki kwenye simu, na michezo kama Free Fire au eFootball ambayo kuipata ni bure na ambayo inauza almasi, wachezaji na nguo ndani kwa vipande vya dola moja au mbili. Huko bei kubwa haionekani, inagawanywa vipande.

Anayetaka kuuza

Kuna upande ambao haujadiliwi sana, nao pengine ndio wenye uzito zaidi: ule wa kijana wa Kikongomani ambaye hataki kununua mchezo bali kuutengeneza. Vyombo vya kazi vipo. Godot, programu ya kutengenezea michezo, ni bure kabisa, na Unity au Unreal hazidai kitu kwa anayeanza. Mfano wa Kiafrika upo pia: kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa mchezo wake Aurion kwenye Steam mwezi wa nne 2016, wenye hadithi na mavazi ya Kiafrika, na ukauzwa dunia nzima.

Kuweka mchezo kwenye Steam kunagharimu dola 100. Hizo ni sawa kwa wote. Baada ya hapo, Valve inachukua asilimia 30 ya kila mauzo, na hiyo pia ni kwa karibu wote, isipokuwa wale wakubwa: aliyepita mauzo ya dola milioni 10 anashushiwa hadi asilimia 25, na aliyepita milioni 50 hadi asilimia 20.

Tofauti inakuja na kodi ya Marekani. Fedha zinazotoka kwa wanunuzi wa Marekani na kwenda kwa mtengenezaji wa nje zinakatwa asilimia 30 na serikali ya huko, isipokuwa nchi ya mtengenezaji ina mkataba wa kodi na Washington. Afrika nzima, wenye mkataba huo ni wanne: Misri, Moroko, Tunisia na Afrika ya Kusini. Congo ina mikataba ya namna hiyo na Ubelgiji na Afrika ya Kusini, lakini hapa haisaidii.

Hesabu ni fupi. Mchezo wa dola 10 unauzwa kwa Mmarekani. Valve inatoa dola 3, zinabaki 7. Mtengenezaji wa Cape Town, ambaye mkataba wake unamwondolea kodi hiyo, anapata 7 zake na kwenda kulipa kodi nyumbani. Wa Lubumbashi anakatwa dola 2,10 nyingine na kupokea 4,90, kabla benki haijachukua ada ya kupokea fedha kutoka nje, na kabla kodi ya Congo yenyewe haijafika. Kama anaishi Goma, lazima kwanza apate benki iliyo wazi, pengine ng'ambo ya mpaka, kwa jina lake au la mtu mwingine.

Kwa hiyo akinunua, Mkongomani anahesabiwa kama Mmarekani. Akiuza, anahesabiwa kama mgeni asiye na mkataba.

Mkataba wa kodi kati ya nchi mbili unajadiliwa na mawaziri wa fedha kwa miaka, na haujadiliwi kwa sababu ya michezo ya video. Bei, kinyume chake, inaweza kubadilika bila sheria yoyote: Valve ikiongeza safu moja ya dola kwa ajili ya Afrika kusini mwa Sahara, kama ilivyofanya kwa Asia ya Kusini, kila mtengenezaji ataiona kwenye ukurasa wake siku hiyohiyo na kuamua. Nigeria peke yake ina watu zaidi ya milioni 200, Congo zaidi ya milioni 100. Soko la kupigia hesabu halikosekani.

Kwa sasa, wachezaji wenye uzoefu wanangojea siku za punguzo. Steam hupunguza bei kwa majuma machache katika misimu minne ya mwaka, na michezo ya miaka iliyopita hushuka kwa asilimia 50, 75, hata 90. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili ndipo namba za kadi za zawadi zinapozunguka zaidi kwenye WhatsApp, na ndipo matapeli pia wanapokuwa wengi. Aliye na busara anauliza kwanza kwa mtu aliyewahi kununua kwa muuzaji huyo, anaanza na kadi ya dola 5, na anaiingiza kwenye akaunti yake palepale kabla ya kutuma fedha nyingine.